Kona za Mgeni

Mwalimu wa chekechea alitumia likizo nzima kupanga kona za michezo: ya duka, ya jikoni, ya matofali ya mbao na ya udongo wa kufinyanga. Rafu alizishusha mpaka usawa wa kifua cha mtoto. Kisha akazizungushia kamba, akawakalisha watoto mkekani katikati, mikono mapajani.

"Mpaka mkaguzi azione," aliwaambia wazazi mlangoni. "Hawa nawajua. Siku moja tu, kutabaki vumbi."

Wiki ya pili, mama yake Chiriku, mtoto aliyeitwa hivyo kwa kutofunga mdomo, alimvua binti yake shati akakuta kidole cha mwisho hakipo. Siku hiyo hakuwa na haraka; mzazi anayemvua mtoto harakaharaka haoni jambo kama hilo. Hapakuwa na kidonda. Palikuwa laini kama kisigino cha kichanga.

"Kimeenda wapi?"

"Hakina kazi, mama. Kimelala. Cha mwenzangu kimelala na kiganja chote."

Mama akampa unga akande. Jioni kidole kikarudi na ukucha wake. Kesho yake kikapotea tena darasani, kikaondoka na kidole cha jirani.

Akamfuata mwalimu. "Nakuomba, fungua kamba. Mwanangu anaisha."

"Mama Chiriku nawe! Wenzake wameisha mpaka viwiko, mbona wazazi wao wametulia? Angalau hawapigani."

Siku ya ukaguzi, mama alisimama nje, dirishani. Kamba ilifunguliwa. Chiriku, ambaye sasa mikono yake iliishia viwikoni, alikwenda moja kwa moja kwenye udongo, akausukuma kwa kigutu. Kigutu kikarefuka. Kiganja kikachomoza, kikafuata kidole gumba, kisha vingine.

"Mama, ona!"

Mkaguzi alipiga picha. "Inatosha. Mmejipanga, mwalimu. Vifaa vizima kama vimetoka dukani leo!"

"Jamani, mwongezeeni muda kidogo tu," mama akasema dirishani. "Bado mkono mmoja."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kufunga kamba.

Watoto waliporudishwa mkekani, vidole vya Chiriku vilirudi ndani kimoja kimoja, bila haraka, kama pembe za konokono.

"Haya watoto, mpungieni mgeni."

Wakapunga. Mikono ya mashati ikapepea mitupu, yote kwa pamoja, na mkaguzi, mtu mwenye adabu zake, akawapungia.