Kitunguu Kisicholiza

Shule za Uvira zilipofungwa mwaka ule wa Masimba, wale waasi wa 1964, watu walikimbilia Bijombo, milimani, na magodoro, sufuria, hata kuku. Émérance, mwalimu wa sayansi, alibeba matunguu matatu ya mmea wa porini ndani ya kitenge. Aliyachimba mwenyewe kwenye uwanda wa Ruzizi wakati wa kiangazi, hayana jani wala ua, na tangu siku ile alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua yatatoa ua gani. Mama yake, aliyemtangulia kufika Bijombo, angemuuliza mablanketi yako wapi. Basi na aulize.

Kwenye barieri ya juu ya Mulongwe, gogo lililolazwa kukata njia ya kupanda Bijombo, Masimba walikuwa wameinjika ndakala, dagaa wa ziwani, motoni. Bunduki ilikuwa moja. Njaa, kila mtu na yake. Kamanda wao Kizito, zamani mtengeneza baiskeli, alifungua kile kitenge, uso ukamng'aa.

“Kumbe dada yetu iko na akili. Alijua ndakala bila kitunguu ni adhabu. Marcellin, leta kisu.”

“Si kitunguu,” Émérance akasema. “Mukikula mutatapika mpaka musahau majina yenu.”

Marcellin, mpishi wao, akasimama kisu mkononi. Kizito akaacha kucheka.

“Kwa hiyo weye unapitisha sumu kwenye barieri yangu.”

Hapo Émérance akaona amejifunga mwenyewe. Yakiwa vitunguu, yanaingia sufuriani. Yakiwa sumu, anaingia yeye mahabusu.

“Mwenye kuleta sumu angewaambia musikule?”

Marcellin akaitikia kwa kichwa. Kizito akamkata jicho. “Wasomi munajua kuzungusha maneno. Onyesha kama si kitunguu.”

Roho ikimuuma, Émérance alichagua tunguu dogo kuliko yote, akalipasua kwa kisu cha Marcellin toka shingoni mpaka kitakoni. “Nusa. Macho inawasha?”

Kizito akanusa, akangoja machozi. Hayakuja. Maganda yalikuwa yamefungana, moja ndani ya jingine, sawasawa na kitunguu. Émérance akashika ganda moja, akalichana polepole, na vipande viwili vikabaki vimeshikana kwa nyuzi nyembamba kama za buibui.

“Kitunguu cha mama yako kinafanya hivi?”

“Mama yangu umuache,” Kizito akasema, lakini alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Marcellin naye. Ndakala zikaanza kuungua, hakuna aliyezitazama.

“Na hii?” Kwa ncha ya kisu Kizito aligusa kitu cheupe kilichojibana kati ya maganda.

“Ua la mwaka huu. Limekwisha kutengenezwa, linangoja mvua.”

“Rangi gani?”

“Sijui. Ndiyo maana minye nayabeba.”

Kizito alilitazama lile tunguu lililopasuliwa kama mtu aliyevunja saa ya jirani. Kisha akachukua moja kati ya mawili yaliyobaki.

“Lako utaliona huko juu. Na minye nataka kuona. Nalipanda namna gani?”

Émérance alitaka kukataa. Bunduki haikuwa yake. “Shingo ibaki nje. Na musilifukue kila asubuhi kuangalia.”

Mvua ikaja. Kule Bijombo tunguu lake lilitoa majani marefu, basi. Kuna matunguu yakihamishwa yananuna, hayachanui mwaka ule. Émérance alichuchumaa mbele yake kila siku mpaka mama yake akamuuliza kama analilalia kama kuku. Halafu mchuuzi wa chumvi, mama Spès, akapanda mlima na ujumbe: kamanda anasema lake limefunguka.

“Unashuka kwenye bunduki kwa ajili ya ua?” mama yake akauliza.

“Nashuka kuona rangi yake, mama.”

Alifika kwenye barieri jua likielekea kuzama. Bua nene lilisimama bila jani hata moja juu yake, na kileleni maua mengi kama kengele, meupe, kila petali na mstari mwekundu uliokolea. Akahesabu petali za ua moja: tatu nje, tatu ndani, na chini yake kivimbe cha kijani kitakachobeba mbegu. Kizito alisimama pembeni kama baba wa mtoto mchanga.

“Muchana halinuki,” akanong'ona. “Jua likizama, linaanza. Juu ya nini linangoja usiku?”

“Labda linaita mududu wa usiku.”

“Mududu gani?”

“Sijui.”

Wakakaa chini kungoja. Marcellin naye akaliacha lile gogo la barieri, akaja kukaa. Wanawake wawili wenye mihogo kichwani walisimama njiani wakingoja kuulizwa makaratasi. Hakuna aliyewauliza. Wakainua gogo wenyewe, wakapita.