Tenki la Kapiteni

Sumaya alikuwa ameshajaza nusu ya ubao kabla wanafunzi hawajamaliza kusukuma bidoni zao za maji chini ya madawati. Darasa zima la tisa lilikuwa na kitabu kimoja, nacho hakikuwa na jalada. Panya walianza kukitafuna mbele, wakaja nyuma, wakaacha katikati. Kwa hiyo kila siku aliandika ukurasa ubaoni, bega likimuuma, nao wakausoma kwa sauti.

Watu wa riwaya ile walizaliwa ndani ya chombo cha chuma kilichosafiri kati ya nyota. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ardhi. Wiki ya kwanza wanafunzi, ambao baba zao wengi hubeba mizigo bandarini, waliuliza kwa kicheko meli hiyo inatia mafuta wapi, ilhali mabasi ya mjini yenyewe yamelala. Leo hawakucheka. Ukurasa wa leo ulisema kila mtu chomboni hupeleka maji yake kwenye tenki la kapiteni, kwa faida ya wote, na kwamba kapiteni ana bustani.

Mwantum alisoma mstari wa mwisho akabaki amesimama.

"Madamu, huyu mutu mwenye aliandika hii kitabu, alishafika hapa kwetu?"

"Hapana. Aliandika hata mimi sijazaliwa."

"Sasa alituona na nini?"

Loïc, mcheshi wa darasa, aligeukia dirishani, kwenye pipa lililo kando ya ofisi. Kila mapumziko walimwaga humo maji waliyobeba kutoka nyumbani. Ya vyoo, waliambiwa. Vyoo vilikuwa vikavu tangu Pasaka, na nyumba ambayo direkta, mkuu wa shule, alikuwa akiijenga nyuma ya shule ilikuwa imefika usawa wa madirisha.

Sumaya naye alilitazama pipa. Ukurasa huo aliusoma nyumbani akauona ni wa nyota tu.

"Mademoiselle."

Direkta Méthode alikuwa mlangoni. Alimwita nje, akavuta mlango.

"Haya maneno umeyatunga wewe."

"Hapana, Bwana Direkta. Ni riwaya. Ni mambo ya nyota."

"Jina la mwandishi liko wapi?"

Sumaya alikigeuza kitabu. Mbele hakuna jina. Nyuma hakuna mwisho.

"Unaona? Mwandiko ubaoni ni wako. Na mukataba wako uko mezani kwangu, unangoja sahihi." Alimnyang'anya kitabu, akakitia kwapani. "Ufute. Uwaambie hadithi imeisha, na kapiteni alikuwa mutu mwema. Mi nasikiliza hapa."

Sumaya alirudi ndani. Tangu utotoni sauti yake haikuvuka dawati la pili. Alifuta ubao, vumbi la chaki likaning'inia katika mwanga wa dirisha, likimeta, na darasa zima likalitazama kama kwamba nalo ni sehemu ya ukurasa.

"Hadithi imeisha," alisema.

"Iliisha namna gani?" Mwantum aliuliza. "Kapiteni alifungua tenki?"

Nje ya mlango kiatu kilisogea. Sumaya hakuujua mwisho. Panya waliula kabla hajakinunua kitabu sokoni.

"Hakufungua," alisema, na safari hii waliokaa nyuma kabisa walimsikia. "Siku moja watu waliacha kupeleka."

Sasa direkta alikuwa amesema kweli: maneno hayo aliyatunga yeye.

Kengele ililia. Mwantum aliinama akachukua bidoni yake, akatoka, akamwamkia direkta kwa adabu, akalipita pipa. Alikaa kivulini, akafungua kifuniko, akanywa, akampa Loïc. Wengine walifuata mmoja mmoja, kimya, wakikanyaga polepole kama watu wanaoijaribu ardhi kwa mara ya kwanza.

"Kesho usije," alisema direkta.

"Ndiyo, Bwana Direkta," Sumaya alijibu, lakini macho yake hayakubanduka kwa wale watoto waliokuwa wakinywa.