Pijo na Mawe ya Uzinduzi

Kikao cha familia kuhusu gari kilianza jinsi vinavyoanza vikao vyote vya watu walioelimika: mwenye mali aliambiwa kwamba mali yake ni aibu.

"Tata, hii Pijo imezeeka," alisema Lewis, kifungua mimba, aliyekuja kutoka Nairobi Jumapili hiyo akiwa na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, mwezi wa Aprili, kwenye mlima wa majani chai juu ya Sironga. Nyangate, baba yake, aliviangalia viatu hivyo kwa huruma, kama mtu anayeangalia kuku wa Krismasi.

"Hata mimi nimezeeka," alijibu. "Mnanibadilisha lini?"

Mkewe Bochaberi alicheka, akashika mguu wake ulioegeshwa kwenye kigoda. Mguu huo ndio uliokuwa ajenda ya kweli. Sukari ilikuwa imemfungulia kidonda kisiginoni, na kila Jumanne ilibidi afike hospitali mjini Kisii kukisafisha. Daktari hakuzunguka mbuyu: akianza kukosakosa kliniki, mguu utakatwa. Pikipiki ilikuwa imeshamlaza matopeni mara moja, akaapa mbele ya kanisa zima la Sabato kwamba hatapanda tena. Kutembea hadi kwenye lami hakuwezi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: ni gari gani litakalomtoa mama huyu mlimani kila Jumanne, mvua inyeshe isinyeshe?

"Jumanne iliyopita ilizima pale kwa daraja," Lewis aliendelea. "Mama akakaa ndani mpaka jua ikawa utosini. Siku ikikataa kabisa utambeba mgongoni, Tata?"

Kijana alikuwa amesema kweli, na hakuna kinachoudhi kama ukweli unaoletwa na mtu wa viatu vyeupe.

Pijo yenyewe ilikuwa pale uani chini ya mti wa mgrivelia, imesimama kwa heshima zake. Aliinunua kwa bonasi ya majani chai, enzi zile bonasi ilipokuwa inanunua kitu. Ilikuwa na viti vya safu tatu. Ilibeba kwaya siku ya Sabato, ikabeba wagonjwa, ikabeba maiti za ukoo mzima kutoka mochari, na bibi harusi ambao sasa wana wajukuu. Nyangate aliipenda kiasi kwamba kila alipoiegesha penye watu wengi, hasa matangani, alifungua boneti na kuchomoa rota, kile kidude kidogo cha kwenye distribyuta ambacho bila hicho injini haiwaki hata uisomee sala. Alikitia mfuko wa koti, akaenda kuomboleza kwa amani.

Lakini nani aliyeizeesha? Hilo ndilo lililomchoma. Hakuizeesha yeye. Aliyeizeesha ni Mheshimiwa Ogeto, mwakilishi wa wadi, kwa kuizindua barabara.

Ndiyo, kuizindua. Wengine hujenga barabara, Ogeto huzizindua. Na Nyangate hana daftari ila ana kichwa kisichosahau. Uzinduzi wa kwanza, kabla ya uchaguzi: utepe ukakatwa, mbuzi akachinjwa, jiwe lenye maandishi likasimamishwa penye kona. Mvua iliyofuata ikaondoka na springi za nyuma za Pijo. Uzinduzi wa pili, baada ya uchaguzi, kwa shukrani: utepe mwingine, jiwe lingine, na ekzosi ikadondoka darajani. Uzinduzi wa tatu ulikuwa wa kuthibitisha ule wa pili, nao ukaacha jiwe lake. Wazee waliketishwa juani kusikiliza neno "lami" likitamkwa mpaka baadhi yao wakaanza kunusa harufu yake. Mwaka huo gia boksi ilikufa. Tingatinga lenyewe lilikuja siku moja, likapigwa picha, likarudi kwao.

"Sasa hiyo gari mpya unayotaka tununue iko wapi?" Nyangate aliuliza.

"Nimeiacha chini kwa lami," Lewis alisema. "Ni ya beste yangu anauza magari. Amenipea tujaribu. Sikutaka ichafuke."

Bochaberi aligeuka polepole. "Gari ya kunipandisha mlima, umeiacha chini ya mlima?"

"Mama, nilikuwa nataka tu kwanza tuongee."

"Tumeongea," alisema Nyangate. "Ilete. Mama yako akiona imefika mlangoni, nitauza Pijo leo hii kwa mtu wa vyuma chakavu, na nitaimba nikimsukumia."

Hakuwa anatania. Alishamwangalia mkewe akiuma meno pale darajani, asubuhi nzima, bila kulalamika. Kama kungekuwa na gari la kumwondolea siku kama ile, angelipokea hata likiwa na rangi ya waridi.

Lewis alishuka. Baada ya muda wakasikia gari likija, lina sauti laini kama paka aliyeshiba. Likapita kona ya kwanza. Bochaberi akaanza hata kutafuta leso yake ya safari. Kisha, GWAA! Halafu kimya. Halafu sauti ya Lewis ikimtaja Mungu kwa namna ambayo hakufundishwa nyumbani.

Mlima mzima ulifika kabla ya Nyangate. Gari jeupe lilikuwa limekaa juu ya jiwe pana katikati ya barabara, tumbo limetobolewa, oili nyeusi inatiririka kwenye matope. Wanaume walilinyanyua, wakaligeuza jiwe. Lilikuwa limelala kifudifudi tangu mvua za mwaka uliopita zilipoling'oa. Upande wa chini ulikuwa na maandishi ya dhahabu. Nyangate alipangusa tope kwa kiatu, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ndoa kanisani:

"Jiwe hili limewekwa na Mheshimiwa Ogeto, kuzindua ujenzi wa barabara hii kwa kiwango cha lami."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Kumbe kuna kitu walileta," alisema Nyangate. "Na kimefanya kazi."

Fundi Odero, mtu wa upande wa ziwa mwenye gereji Nyamira mjini, alipanda kwa miguu na mfuko wake wa spana. Alichungulia chini ya gari, akapiga mluzi.

"Mzee, huyu mheshimiwa wenu msimtoe," alisema. "Tangu achaguliwe nimesomesha watoto wawili. Hii karta ya oili imeisha. Ivutwe mpaka chini."

"Ivutwe na nini?" aliuliza Lewis.

Wote waligeuka wakaitazama njia ya kwa Nyangate. Basi Pijo ilishuka, ikikohoa, magurudumu yake marefu yakipita juu ya kila kitu kama mzee anayevuka mtaro kwa suruali iliyokunjwa. Ikafungwa kamba, ikaliburuta gari hilo jipya la kuwashwa kwa kubonyeza kitufe hadi kwenye lami. Viatu vya Lewis havikuwa vyeupe tena. Havikuwa na rangi inayojulikana.

"Sawa, Tata," alisema kwa unyonge. "Lakini bado itazima siku moja. Unajua."

"Najua," alisema Nyangate. Gari jipya lisingepanda. La zamani lingekufa njiani. Kubadilisha gari kwenye barabara ile ilikuwa sawa na kubadilisha sahani wakati chakula hakipo.

Jumatatu alichukua jembe, akaita majirani, wakayang'oa na yale mawe mengine mawili. Yote matatu wakayapakia nyuma ya Pijo. Springi zililia.

"Baba Lewis, unataka kujenga?" aliuliza Bochaberi.

"Hapana. Kesho tukienda kliniki tunarudisha kitu cha mtu."

Nyumba ya Ogeto iko kando ya lami ya kwenda Kisii, ina ukuta na simba wawili wa simenti. Jumanne asubuhi nje ya lango palikuwa na watu wengi kama kawaida, wa karo, wa mazishi, wa kazi. Gari la mheshimiwa, kubwa, jeupe, lilikuwa likinguruma barabarani, naye akitoka amevaa suti kwenda kutoa rambirambi upande wa Kisii. Nyangate aliegesha, akafungua boneti, akainama kidogo, akaifunga. Kisha wanaume wanne wa pale langoni wakamsaidia kushusha mawe, wakayapanga mbele ya simba, maandishi juu. Simu zikaanza kuinuliwa.

"Mzee Nyangate, hii ni nini?" aliuliza Ogeto, akitabasamu kwa upande uliokuwa na simu nyingi.

"Ni barabara, mheshimiwa. Ile ya kwetu. Tumekuletea yote. Hakuna kilichobaki kule."

Kicheko kikapanda. Ogeto naye akacheka, maana ni kazi yake. "Mzee wetu ana utani! Tutaongea wiki ijayo."

"Hakuna shida. Wacha mimi nipeleke mama kliniki." Nyangate akaingia, akazungusha ufunguo. Pijo ilinung'unika, ikanung'unika tena, haikuwaka. Akajaribu mara kadhaa, uso umejaa masikitiko ya mtu wa kanisa.

Bochaberi akateremsha dirisha, akautoa mguu wenye bendeji nje polepole, watu wote wauone vizuri.

"Mwanangu Ogeto," alisema, "nisipofika leo, huu mguu wanakata."

Simu zote zikamgeukia mheshimiwa. Akayatazama mawe, akautazama mguu, akaitazama saa yake.

"Mama, ingia kwa gari yangu! Mimi ni mtumishi wenu!"

"Na kurudi je?"

"Hata kurudi!"

"Mpaka nyumbani?"

"Mpaka mlangoni, mama!" alipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Mtu ambaye amekata utepe mara tatu kwenye kona ya chini alikuwa hajui mlango wenyewe uko wapi.

Alikuja kuujua alasiri, mvua ikinyesha. Gari kubwa lilifika uani likiwa na bampa inayoning'inia, taa moja imebaki darajani, na mheshimiwa, aliyekuwa ameteremka kuchimbua magurudumu, tope mpaka mapajani. Bochaberi alishuka akiwa mkavu, bendeji mpya.

"Asante, mwanangu. Jumanne ijayo uje mapema kidogo."

Ogeto akajipangusa tope kidogo, akarudi kwenye usukani.

Pijo ilikuwa imerudi zamani chini ya mgrivelia, rota mahali pake. Lewis alipopiga simu kuuliza wameamua aje kuhusu gari, Nyangate alimwambia wamepata lingine, kubwa, jeupe, lina dereva.

"Na Pijo?"

"Hiyo haiendi mahali," alisema, akimtazama mheshimiwa akihangaika kugeuza gari penye nafasi ndogo. "Kesho Odero anaiwekea springi mpya. Huyu siku moja atatusahau, na mimi sijui itakuwa Jumanne gani."

Kisha akamwendea mkewe kumuuliza kidonda kinaendeleaje.