Miti Iliyoalikwa Kujenga Msalato

Jumatatu asubuhi Tabu wa Msalato alichuja pombe ya mtama mitungi minne, kwa sababu alikuwa anajenga tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Mvua ilikuwa karibu, mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na kibanda alicholala kilivuja. Ugogoni hujengi peke yako. Unapika pombe, unaalika majirani, na kila aliyealikwa anakuja na nguzo yake.

Ila majirani wenyewe hawakuwapo. Wanaume wote, na mumewe Matonya, Wajerumani walikuwa wamewapeleka kukata kuni za gari moshi. Mwingine yeyote aliyekata mti bila cheti cha boma alichapwa viboko ishirini na vitano. Na cheti chenyewe, lo, walipewa wanaume tu!

Pombe nayo haingoji. Basi Tabu akaenda msituni, akaiamkia mipingo, "Mbukwa," akaialika.

Saa nne ikaja kumi na miwili. Ilisimama uani kwa adabu, ikanywa mtungi mzima kwa mizizi, kisha kila mmoja ukaenda kusimama mahali pa nguzo. Wanawake waliobaki kijijini wakapandisha fito na udongo. Jioni nyumba ilikuwa na paa, na Tabu alicheka mpaka akashika tumbo.

Kesho yake akafika Hamidi, askari wa misitu, na nyundo yake ya kugongea miti muhuri wa Serikali.

"Mama, nani kakata nguzo hizi?"

"Hazikukatwa, baba. Zimekuja zenyewe."

Hamidi akainama, akaona mizizi. Kweli bwana. Akapokea kibuyu cha pombe, akaandika alichokiona, maana alikuwa mtu mwaminifu.

Baada ya wiki tano boma likajibu: miti iliyosimama kwa mizizi yake ni msitu wa Serikali. Hamidi akagonga muhuri kila nguzo, polepole, kwa kuwa mtoto alishazaliwa na alikuwa amelala. Tabu hakununa. Nje mvua ilimwagika, ndani pakavu.

Mwezi uliofuata Matonya alibisha hodi, na wanaume wote wa Msalato nyuma yake.

"Karibu, mume wangu. Mbona na mashoka?"

"Kuni za gari moshi. Tumetumwa kwenye msitu wa Serikali, wanasema ni huu." Akatazama juu. "Nyumba nzuri, mke wangu!"

"Ahsante. Anzeni na nguzo ya mlangoni," Tabu akasema. "Ya katikati iwe ya mwisho. Binti yako amelala chini yake."