Maombi ya Kufunga

Simu ilikuwa ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kubwa, na watu wa Merigi walikuwa wameizunguka kwenye veranda ya zahanati. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hivyo bodi ya zahanati ilikaa kwa simu, wajumbe watatu, Kimutai, Cheptoo na Johana, kila mmoja kwake. Johana, mwenyekiti, ndiye aliyesoma sheria mwanzoni: wananchi wasikie kila kitu, kila anayesema ataje jina, na wajumbe wapige kura kwa sauti, mmoja mmoja.

Kusoma alijua. Kufuata ndiko kulikomshinda.

"Basi wodi ya kujifungua inahamia taoni," alisema sasa, mbio mbio. "Kama hakuna mwenye kupinga, imepita."

Mongina aliruka. Binti yake Valary alikuwa ameketi kando yake, mimba kubwa, miguu imevimba. Mtoto wa kwanza wa Valary alifia kwenye barabara hiyo hiyo ya taoni, mwaka ambao wodi ilifungwa kwa ukarabati. Mongina ndiye aliyembeba hadi nyumbani, amemfunga kwa leso. Hakuwa tayari kubeba mwingine.

"Mongina hapa! Napinga! Kura haijapigwa..."

"Asante, mama," Johana akamkata, sauti tamu kama ya mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa. "Saa imeenda. Na kwa vile uko kwa laini, hebu tufungie na maombi."

Mjanja huyo! Veranda nzima ilivua kofia na kufumba macho. Huku kwao, ukiambiwa uombe, unaomba. Na maombi ya kufunga yakiisha, mkutano umekwisha, hata angekuja gavana. Mongina alikasirika. Kisha likamjia jambo ambalo Johana alikuwa amesahau: hakuna mtu, kutoka Merigi hadi Ndanai, anayemkatia mwenzake simu akiongea na Mungu.

Akainama juu ya sufuria.

"Baba, tunakushukuru kwa hii siku. Tunakushukuru kwa mwenyekiti, ametusomea sheria vizuri. Umesikia, Baba, alisema kura ni kwa jina."

"Ndiyo, Bwana," watu wakaitikia.

"Unajua Valary. Unajua ile barabara. Unajua yule mwenye nilibeba kwa leso."

Hapo sauti ilimkatika. Kwenye simu, mtu alikohoa.

"Amina!" Johana akadakia.

"Bado, Baba, sijamaliza. Naomba umguse mtumishi wako Kimutai. Mpe nguvu akuambie jina lake na kura yake."

Mvua iligonga mabati. Valary alimshika mama yake mkono, akaufinya hadi ukauma. Mongina aliogopa kwamba laini imekatika, kwamba ameombea sufuria.

"Kimutai," sauti nzito ikasema. "Wodi ibaki, Bwana."

"Asante, Baba. Na Cheptoo?"

Cheptoo alivuta pumzi, wote wakaisikia. "Cheptoo. Hapo ndio nilizalia watoto wangu wote. Ibaki."

"Na mwenyekiti, Baba."

Hakuna aliyethubutu kufumbua macho.

"Johana," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ibaki."

Mongina akafumbua macho. Valary alikuwa akilia, mkono juu ya tumbo.

"Amina," Mongina akasema, na yeye mwenyewe ndiye aliyekata simu.