Mshale wa Mlango wa Baiskeli

Yahaya wa Isevya alikuwa na wivu wa aina mbili: wa mke, ambao ulikuwa mdogo, na wa brashi, ambao haukuwa na dawa. Ukimsifia herufi za mchoraji mwingine, chai ilimkaba kooni. Basi fikiria alivyokuwa Alhamisi asubuhi, alipoingia soko jipya la ushirika akakuta tawi bichi la mninga limelazwa kukingama ujia, hatua chache tu kutoka kwenye ubao wa maelekezo aliouchora mwenyewe.

"Kafara hilo," alinong'ona, akalizunguka kwa mbali kama mtu anayepishana na nyoka.

Lilikuwa tawi la pili. La kwanza alilikuta Jumatano, pale pale.

Miaka ile ya Ujamaa maduka ya mtu mmoja mmoja yalikuwa yakifungwa, na soko hilo lilikusanya kila kitu chini ya paa moja. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba bila vibao ungeingia kutafuta chumvi ukatoka na jembe. Tangu Jumatatu watu walikuwa wakinunua, lakini ufunguzi wenyewe ulikuwa Jumamosi, na Mkuu wa Mkoa angekuja. Meneja Hilari alishasema wazi: "Watu wakifika wanakotaka bila kuuliza, Yahaya, kazi ya kuchora vibao vya stesheni ya reli ni yako. Wakipotea, nampa Dionis."

Dionis alikuwa seremala wa Ipuli, Mmoraviani, ndiye aliyeranda mbao za vibao vya soko. Alijua kushika brashi pia, na hilo ndilo lililomnyima Yahaya usingizi. Mtu gani anaranda ubao wa mwenzake huku akiimba tenzi, kama hana lake moyoni?

Nyumbani, mkewe Zamda alimsikiliza huku akichambua mchele.

"Mchawi wa kweli angekuachia jongoo, siyo kuni. Umemuuliza mtu yeyote?"

"Mchawi huulizwa?"

"Basi kamvizie. Ila usiniletee rangi kwenye kanzu ya Ijumaa, mimi ndiye mfuaji."

Ijumaa asubuhi Yahaya alijibanza nyuma ya magunia ya unga. Akiwa hapo aliona vituko. Mzee mmoja alikuja mbio mbio, akasimama mbele ya magunia, akaanza kufungua mkanda wa suruali. Karani akamfukuza kwa kelele. "Ubao ndio umenituma huku!" mzee akalia. Yahaya akacheka kimoyomoyo: watu wa shamba bwana, hata choo kinawashinda kusoma!

Kicheko kilimkatika alipomwona Dionis upande wa pili, ameshika tawi la mninga.

"Nimekukamata!" Yahaya aliruka, gunia likamwagika. "Unaniwangia mchana kweupe!"

"Naliondoa mtu asijikwae, ndugu yangu."

"Mchawi akikutwa uchi husema anaoga!"

Watu walijaa. Hilari alikuja, akatazama tawi, akatazama jasho la Dionis. Meneja huyo alikuwa msomi wa kukana uchawi mpaka mchawi atajwe kwa jina. "Fundi Dionis, kuanzia sasa usionekane humu. Na habari za stesheni uzisahau." Dionis alibeba sanduku lake la randa bila neno, na ukimya huo ukamwongezea Yahaya shaka. Asiye na hatia si angepiga kelele?

Jumamosi tawi lilikuwepo tena.

"Ametuma mtu," Yahaya alisema. Ndipo alipomwona mama mmoja wa makamo akiweka tawi jingine juu ya lile. Alimjua kwa sura: Koleta, mkulima wa Ntalikwa, huleta karanga.

"Shikamoo mama. Nani kakutuma?"

"Marahaba, baba. Kutumwa? Nimepotea mwenyewe, nawazuia wenzangu. Hilo la chini na yale ya siku zilizopita si yangu, wengine nao walipotea. Njia isiyo yako unaikingia tawi ili anayekuja nyuma asiifuate. Wapagazi wa misafara walifanya hivyo, na sisi porini tunafanya. Nyie wa mjini hamjui?"

"Mbona hamkusema?"

"Tulimwambia karani. Akasema, soma ubao."

"Ubao uko sawa!"

"Wewe huingilia mlango gani?"

Yahaya aligeuka akautazama mlango wa kusini. Alitoka Isevya kila siku, akaingilia huo. Watu wa vijijini waliingilia kaskazini, walikoegesha baiskeli. Alitoka nje, akazunguka jengo lote, akaingia kwa mlango wa baiskeli kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ubao ulining'inia katikati, umechorwa pande zote mbili kwa kiolezo kimoja, maana kukata cha pili aliona uvivu. UNGA: mshale kulia. VYOO: mshale kushoto. Ukitoka kusini, sawasawa kabisa. Ukitoka kaskazini, kulia kwako kuna vyoo.

Yule mzee wa mkanda alikuwa amesoma vizuri sana.

Nje honi zililia; msafara wa wageni ulikuwa ukiegesha upande huo huo wa baiskeli. Hilari alitokea akikimbia, tai imepinda. Akaona matawi. "Dionis tena? Naita mgambo!"

Neno moja tu, "ndiyo", na stesheni ingekuwa ya Yahaya. Lilimfika mpaka kwenye meno.

"Si Dionis," alisema. "Mshale ni wangu, umekosea. Hayo matawi yaache, Mheshimiwa asije akapelekwa chooni kutafuta unga."

Jumatatu Hilari alimpa Dionis vibao vyote vya stesheni. Jioni Yahaya alikwenda Ipuli kumwomba radhi, akapiga hodi mara tatu. Dionis alitoka na maranda kwenye nywele, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kama mtu anayepima ubao uliopinda.

"Herufi zako nzuri kuliko zangu," alisema. "Njoo kesho stesheni unichoree. Lakini kabla hujagusa brashi, utaingia kwa kila mlango, na mimi nitakufuata nyuma nikikuangalia."

"Huniamini?"

"Bado," alisema Dionis, akafunga mlango.