Wa Kuonja Ugali

Mwanamke mgeni alisimama mlangoni kwa Mutheu, pale Kabiro, akamkuta akionja ugali wa mwanawe mtu mzima, Mwanzia. Mwanzia ana ugonjwa wa akili, skizofrenia. Sauti kichwani humwambia chakula kina sumu, basi hali mpaka mama aonje.

"Naitwa Rachael, natoka Gatwekera. Mume wangu Boaz ana ugonjwa huo huo. Juzi ulisinzia kliniki mpaka ukaanguka kutoka kwenye benchi, ndiyo nikauliza unakoishi."

"Nikilala, nani ataonja?"

"Mimi. Jumamosi nakuja, ulale."

Mutheu alicheka. "Hata dada zangu husema hivyo."

Jumamosi mvua ilinyesha, na Mutheu hakumngoja. Saa saba mchana mlango ukabishwa. Rachael alikuwa amelowa, goti linavuja damu, amemshika mkono Boaz aliyekuwa akinong'ona peke yake.

"Nimekosa wa kumwachia. Pikipiki imemshtua, tukaanguka mtaroni."

"Si ungebaki tu, dada?"

"Nilisema nitakuja."

Akaketi kati ya wale wanaume wawili, akamega ugali, akaonja. Mwanzia akasukuma sahani. Rachael akaonja tena, na tena. Nyuma ya pazia, Mutheu alikuwa ameshalala, viatu vingali miguuni.